Seti ya Resini ya Volkswagen Golf ya Kwanza katika Skeli 1/24: Kilichopinda, Kinachonyooka na Kisichonyooka

Seti ninayoitathmini hapa ni ya kuundia gari dogo la mfano la Volkswagen Golf ya kizazi cha kwanza, gari lililoanza kuuzwa mwaka 1974, na imesubiwa kwa resini ya poliyurethani katika skeli 1/24, yaani ndogo mara 24 kuliko gari halisi. Iliyoitengeneza ni karakana ndogo ambayo sitaitaja, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza hazikuanzia kwake, na yeyote aliyewahi kununua bodi za resini kutoka karakana za aina hiyo atazitambua mara moja. Ndani ya boksi mna bodi ya kipande kimoja, sakafu, dashibodi na viti, bampa mbili, rimu na grili zilizochapwa kwa printa ya 3D, vioo vya plastiki nyembamba vinavyohitaji kukatwa, na karatasi moja ya stika. Hakuna injini, na boneti haifunguki. Sura ya gari imenaswa vizuri: nguzo pana ya nyuma, taa za duara na mteremko wa mlango wa nyuma vyote vimekaa mahali pake. Hata hivyo, karibu kila kipande kirefu na chembamba kilinifikia kikiwa kimepinda, na nimeona haki ya seti hii ni kuipima kwa swali moja la msingi: mpindo gani umeingia baada ya kipande kutoka kwenye kalibu, na mpindo gani kipande kimezaliwa nao?

Golf ni gari gumu kulifichia mpindo. Giorgetto Giugiaro alilichora kwa nyuso zinazokaribia kuwa bapa na mikunjo iliyonyooka, kiasi kwamba mstari unaopita ubavuni chini ya madirisha unakuwa kama rula aliyopewa mtazamaji ya kukagulia kazi yako. Volkswagen Beetle, ambalo umbali kati ya ekseli zake mbili ni milimita 2,400 sawasawa na Golf, lina mwili wa mviringo kila upande, na ubavu wake ukiingia ndani kwa nusu milimita ni wachache watakaogundua. Kwenye Golf nusu milimita hiyo huonekana kabla hata ya rangi kukauka. Umbali huo wa ekseli unarahisisha hesabu pia, kwa sababu milimita 2,400 zikigawanywa kwa 24 ni milimita 100 kamili, na upana wa gari halisi, yaani milimita 1,610, unakuwa takriban milimita 67. Mwenye kalipa, yaani kifaa cha kupimia upana na unene, mkononi hahitaji mchoro mwingine wowote ili kujua bodi yake inasimama wapi.

Inafaa kueleza chanzo cha mipindo kabla ya kumlaumu mtu. Resini ya poliyurethani hutokana na vimiminika viwili vinavyochanganywa na kumiminwa kwenye kalibu ya mpira wa silikoni. Vikikutana hutoa joto, na joto hilo ndilo linaloharakisha kuganda. Sehemu nene hukusanya joto jingi na kukomaa mapema. Sehemu nyembamba, kama nguzo za madirisha na ncha za bampa, huupa silikoni joto lake na kubaki nyuma, ingawa ukizigusa utadhani zimekwisha kuwa ngumu. Fundi mwenye oda nyingi akizitoa kwenye kalibu wakati huo, zitaendelea kukomaa zikiwa mezani au ndani ya boksi, tena kwa namna yoyote zilivyolazwa. Ndiyo maana bampa iliyofungashwa ikiwa imebanwa chini ya bodi hufika na umbo la mahali ilipobanwa. Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya muundo wa ndani wa resini hujifunga ikiwa bado kalibuni, na kipande kikipashwa joto hadi kulainika hujaribu kurudia umbo lake la kwanza. Kalibu ikiwa ilikuwa sahihi, joto linakuwa mshirika wako. Kalibu ikiwa yenyewe ilikuwa imepinda, joto litakurudishia kosa lilelile kwa uaminifu mkubwa.

Kwa hiyo jaribio la kwanza halihitaji nguvu ya mkono hata kidogo. Vipande vyote nilivisugua kwanza kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu ili kuondoa mafuta ya kuachanishia kalibu, kisha nikavitumbukiza kimoja kimoja katika maji ya nyuzi 60 za Selsiasi, nikiyapandisha nyuzi tano tano hadi kipande kianze kulegea. Resini nyingi za kusubia hulainika kati ya nyuzi 60 na 80, lakini kila karakana ina resini yake, na kipimajoto cha jikoni ni kifaa cha lazima kuliko kingine chochote nitakachokitaja humu. Kipande kikilegea nakiacha majini bila kukigusa na kukitazama. Kama kinarudi chenyewe, hata kwa sehemu tu, mpindo wake ni wa baadaye. Kama kinalegea na kubaki vilevile, kilizaliwa hivyo, na dawa yake ni nyingine kabisa. Maji yanayochemka sikuyatumia kwa kipande chochote cha seti hii. Katika nyuzi 100 bodi nzima hulegea kwa wakati mmoja, nguzo hushindwa kubeba uzito wa paa, na unaweza kutoka na tatizo jipya ambalo karakana haikukuuzia.

Bodi ndiyo roho ya seti, na ndiyo iliyonipa kazi kubwa. Ni sanduku lenye paa juu na uwazi chini, na sanduku la namna hiyo hupinda kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuta zake kuingia ndani au kutoka nje kwenye kingo za chini ya milango. Kwa kalipa, upana wa bodi yangu mbele ya gurudumu la mbele na nyuma ya gurudumu la nyuma ulikuwa sahihi, lakini katikati, chini ya milango, ulipungua kwa zaidi ya milimita mbili. Ukizidisha mara 24, hiyo ni karibu sentimita tano za gari halisi, na hakuna puti itakayoziba pengo kama hilo kati ya bodi na sakafu. Njia ya pili ni bodi kusokoteka, yaani kona moja kuinuka wakati nyingine tatu zimegusa meza. Hii ni mbaya kuliko ya kwanza, kwa kuwa gari lililosokoteka halisimami kwa magurudumu manne hata ukilirekebisha kwa namna gani huko chini. Bodi iwekwe juu ya kipande cha kioo kinene, kisha kila kona ibonyezwe kwa kidole kimoja, ikicheza, imesokoteka. Meza ya mbao haifai kwa kipimo hiki, kwa sababu nayo ina mipindo yake.

Kwa upande wa msokoto, seti hii ilijitetea vizuri. Bodi ilipozama yote katika maji ya takriban nyuzi 70 na kuachwa hadi joto lipenye, kona iliyoinuka ilishuka yenyewe kwa kiasi kikubwa, na kilichobaki niliking'oa kwa kuisokota bodi taratibu kuelekea upande wa pili, kupita kidogo mahali nilipopataka, kisha kuiingiza kwenye maji baridi ikiwa bado mikononi. Kupita kidogo ni jambo la lazima, kwa maana resini hurudi nyuma kiasi inapopoa. Lakini kupita sana ni hatari, na hakuna kanuni ya namba ninayoweza kuitoa. Mkono ndio unaojifunza upinzani wa resini husika. Jambo ambalo sina shaka nalo ni kwamba bodi isisokotwe ikiwa sehemu moja tu ina joto. Mpaka kati ya sehemu laini na sehemu ngumu ndipo ufa unapoanzia.

Kuta zilizoingia ndani hazikurudi zenyewe zote. Hapa nilichonga kijiti cha mbao chenye urefu sawa na upana wa ndani unaotakiwa, yaani upana wa nje ukitoa unene wa kuta mbili, nikakizungushia utepe wa karatasi ili ncha zake zisiache alama, kisha nikakisimamisha katikati ya milango huku bodi ikiwa bado moto. Kijiti kingine kama hicho kilikaa mbele na kingine nyuma, ili kuta zisivimbe kwa pamoja na kupoteza unyofu wa ule mstari wa ubavuni. Bodi nzima ikarudi majini ikiwa na vijiti vyake, ikapata joto upya, kisha ikapozwa. Mafundi wengi huishia kwenye maji baridi na kutoa vijiti papo hapo. Mimi naviacha hadi kesho yake, kwa kuwa kipande kilichopoa kwa nje bado kina mvutano ndani, na mvutano huo hupungua zaidi kikiwa kimezuiwa mahali panapotakiwa. Matokeo yalikuwa mazuri: upana ulifikia ule wa mbele na wa nyuma kwa tofauti ambayo msasa unaimaliza.

Jambo moja la kuipongeza karakana ni kwamba iliacha vipande vya resini vikivuka uwazi wa kioo cha mbele na wa madirisha ya milango. Wanaoanza huvikata siku ya kwanza ili gari lianze kufanana na gari. Visikatwe. Nguzo za mbele za Golf ni nyembamba, katika skeli hii hazifiki hata milimita mbili, na bila vipande hivyo paa lote linategemea vijiti viwili vya resini ambavyo huenda havijakomaa. Niliviacha wakati wote wa maji ya moto, wakati wa praima (rangi ya msingi) na wakati wa msasa, nikavikata mwishoni kabisa kwa msumeno mwembamba, kwa kusaga polepole na bila kuvunja kwa koleo. Paa lenyewe lilikuwa limebonyea kidogo katikati. Kwa kuwa paa halisi la gari hili lina mbenuko hafifu na halikuwa bapa kamili, nililipasha joto kwa maji na kulisukuma kutoka ndani kwa mpira laini, nikilinganisha na picha za gari halisi zilizopigwa kutoka ubavuni. Anayelinyoosha paa hadi liwe tambarare kama meza atakuwa amelibadilisha gari.

Bampa ndiyo sehemu iliyofika katika hali ya kutisha kuliko zote, na ndiyo iliyonyooka kwa urahisi kuliko zote. Sekunde chache za maji ya nyuzi 65 zilitosha kuilegeza, na nusu ya mpindo iliondoka kabla sijaitoa. Angalizo ni moja tu: ncha za bampa za Golf huzunguka kona za gari, kwa hiyo ukiibana bampa kati ya vioo viwili kwa uso wake wa mbele utazinyoosha ncha ambazo hazikupaswa kunyooka. Ilazwe kwa ukingo wake wa juu ili unyofu wake upimwe kutoka upande huo, na mzunguko wa ncha upimwe kwa kuifunga kwenye bodi yenyewe ambayo imekwisha kurekebishwa. Utaratibu una maana hapa. Bampa inayotengenezwa ili ilingane na bodi iliyopinda italazimika kutengenezwa upya.

Rimu na grili zilizochapwa kwa 3D ni suala jingine, na hapa karakana ilipaswa kumwonya mnunuzi. Resini ya printa hukomazwa kwa mwanga wa urujuanimno, si kwa vimiminika viwili kukutana, na hupinda kwa sababu zake yenyewe: upande mmoja umepata mwanga mwingi kuliko mwingine, au vijiti vya kuishikilia vimeondolewa mapema. Joto huilainisha kwa kiasi fulani, lakini uvumilivu wake ni mdogo, na mistari ya tabaka za uchapaji ni njia rahisi ya ufa. Grili yangu ilikuwa na mpindo mdogo ambao uliondoka kwa maji ya nyuzi 50 na mkono wa taratibu sana. Moja ya rimu ilikuwa imekuwa yai, na nilichagua kutoigusa. Duara lililoharibika halirudishwi kwa mkono, na rimu nzuri za inchi 13, ambazo katika skeli hii ni takriban milimita 14 za kipenyo, hupatikana kwa watengenezaji wengi wa vifaa vya ziada.

Sasa sakafu. Hapa ndipo ukarimu wangu kwa seti hii unapokoma. Ni bamba nene la takriban milimita tatu, na lilifika limejikunja kama ndizi, ncha za mbele na za nyuma zikiwa zimeinuka. Nililiweka majini kwa nyuzi 70, kisha 75, kisha 80. Lililegea vizuri, likainama popote nilipotaka kuliinamisha, na kila nilipoliacha peke yake majini lilijikunja tena hadi mpindo uleule, hata baada ya kulipoza likiwa limebanwa bapa juu ya kioo. Tafsiri yake ni moja: mpindo umo kwenye kalibu. Yaelekea bamba hilo husubiwa kwenye kalibu iliyo wazi juu, ambapo uso ulio wazi na uso uliogusa silikoni hazikomai wala kusinyaa kwa kiwango kimoja, au kalibu yenyewe ililazwa mahali pasipo sawa wakati silikoni yake ikiganda. Kwa vyovyote vile, kila sakafu itakayotoka humo itakuwa hivyo, na mnunuzi mwingine asitarajie bahati njema kuliko yangu.

Mtu anaweza kuilazimisha. Njia inayofanya kazi ni kuchonga mifereji myembamba inayokatiza upande wa chini, kufikia nusu ya unene, kuinyoosha sakafu kwa joto, kulaza fimbo mbili za shaba nyeupe kwa urefu, na kuzifunika pamoja na mifereji kwa gundi ya epoksi. Shaba hailainiki kwa joto la chumba wala la dirishani, kwa hiyo huzuia resini isirudie tabia yake. Lakini ukishafanya hivyo utakuwa umeharibu michoro yote ya chini ya gari, ambayo kwa kweli haikuwa mingi, na utakuwa umetumia jioni nyingi kwa kipande ambacho hakuna atakayekiona. Mimi nilikata sakafu mpya kutoka bamba la polistireni, ambayo ni plastiki ya kawaida, nikabandika juu yake viti vya seti, na kazi ikaisha. Ikumbukwe tu kwamba gundi ya kawaida ya plastiki huyeyusha polistireni na haifanyi chochote kwenye resini. Mahali viwili hivyo vinapokutana panahitaji supaglu au epoksi, na mahali penye mvutano panahitaji epoksi pamoja na pini ya shaba.

Kuna kasoro nyingine ambayo maji ya moto hayawezi kuigusa, nayo ni ukubwa. Umbali kati ya vitovu vya matao ya magurudumu kwenye bodi yangu ulikuwa pungufu ya milimita 99, wakati hesabu inadai 100. Pungufu ya zaidi ya asilimia moja ni kubwa kwa resini ya poliyurethani inayosubiwa kwa unene mdogo, ambayo kwa kawaida husinyaa kwa sehemu ndogo tu ya asilimia. Silikoni inayokomazwa kwa kichocheo cha bati ndiyo hujulikana kwa kusinyaa kadiri inavyozeeka, tofauti na ile ya platini ambayo hushika vipimo vyake kwa muda mrefu, kwa hiyo kalibu iliyochakaa ni mshukiwa wa kwanza. Kwa macho, gari halionekani dogo. Lakini anayetaka kuiweka bodi hii juu ya chesisi ya seti ya plastiki atagundua kwamba magurudumu hayakai katikati ya matao, na atalazimika kukata chesisi na kuifupisha. Asijaribu kuivuta bodi kwa joto ili irefuke. Resini iliyokomaa haivutiki kwa namna hiyo, na atakachopata ni paa lililojikunja.

Katika kutathmini seti hii nililinganisha pia njia za kupasha joto, kwa sababu karatasi ya maelekezo haisemi neno lolote kuhusu kupinda, jambo ambalo kwa bidhaa inayopinda ni uzembe. Maji yanashinda kwa umbali. Yanazunguka kipande pande zote, hayawezi kupita nyuzi 100, na kipimajoto kinakuambia ukweli. Draya ya nywele inafaa kwa kipande kimoja kirefu kisichoingia sufuriani, au kwa marekebisho ya mwisho baada ya vijiti kuingia mahali pake, lakini joto lake hupiga upande mmoja na hubadilika kwa kila sentimita unayosogeza mkono. Bunduki ya hewa moto ya kuondolea rangi za kuta haina nafasi katika kazi hii, kwani hutoa joto la mamia ya nyuzi na inaweza kuivimbisha resini na kutoa viputo usoni kabla hujaona dalili yoyote. Oveni ya jikoni sipendekezi pia, kwanza kwa sababu joto lake hupanda na kushuka, na pili kwa sababu chombo cha chakula na resini havipaswi kukutana. Sufuria ya kazi hii ibaki kuwa ya kazi hii. Vivyo hivyo, msasa wote upigwe na maji na barakoa ya vumbi ivaliwe. Vumbi la resini ni laini sana na halifai mapafuni.

Baada ya kunyoosha, swali ni kama kipande kitabaki kimenyooka. Bodi hii, nikiiacha bila msaada, ilianza kuingia ndani tena kwa kiasi kidogo chini ya milango baada ya praima. Nilitarajia hivyo. Niliibandikia kwa ndani, juu ya usawa wa sakafu, mirija ya shaba ya pembe nne kwenye kingo zote mbili, kisha nikaitengeneza sakafu iwe ndiyo inayoisukuma bodi kufikia upana wake, na kuifunga kwa skrubu. Gari likishafungwa hivyo linakuwa na mifupa yake, na resini inabaki kuwa ngozi tu. Wanaokausha rangi kwa mashine za joto wapunguze hadi nyuzi 40 au chini ya hapo, kwa maana mashine nyingi zinazouzwa kwa kukaushia vyakula hufika nyuzi 60 na zaidi bila shida, na hilo ndilo joto tulilolitumia kuilegeza bodi. Kabati la maonyesho linalopigwa na jua la mchana, na dashibodi ya gari halisi lililoegeshwa juani, ni mahali pengine ambapo seti hii haipaswi kukaa hata kwa muda mfupi.

Kuhusu yaliyobaki sina mengi. Viti na dashibodi ni vizuri na havikupinda, kwa kuwa ni vinene na vifupi. Stika ni kali na zina rangi sahihi. Vioo vya plastiki nyembamba vinalingana na uwazi wake, lakini visikatwe wala kujaribiwa kabla bodi haijanyooshwa, maana kioo cha mbele kilichokatwa kwa kufuata uwazi uliosokoteka ni kioo kilichopotea, na boksi lina kimoja tu. Viputo vya hewa vilikuwa vichache, vyote kwenye kingo za chini, na supaglu yenye unga wa kuigandisha iliviziba.

Kwa hiyo nani ainunue? Fundi anayefahamu resini, mwenye kioo kinene, kalipa na kipimajoto, atapata bodi ya Golf yenye sura sahihi kuliko nyingi nilizoziona, na hatalalamika sana kwa sakafu, kwa kuwa pengine alikuwa na mpango wa kutengeneza yake. Anayetaka kuifunga juu ya chesisi ya seti nyingine ajiandae kwa ile pungufu ya milimita. Anayeanza na resini kwa mara ya kwanza aiache. Si kwamba kuinyoosha ni kazi ya ajabu, ila seti hii inamchanganyia mipindo inayoponyeka na isiyoponyeka katika boksi moja bila kumwambia ipi ni ipi, na mtu asiye na uzoefu ataitesa ile sakafu kwa joto hadi avunjike moyo. Karakana ingeweza kuondoa nusu ya malalamiko haya kwa kuziacha bampa kalibuni kwa muda mrefu zaidi, kuzifungasha zikiwa zimelazwa bapa kwenye kadibodi, na kumimina silikoni mpya ya sakafu juu ya meza iliyosawazishwa.

Anayetaka kuagiza amwombe muuzaji kwanza picha mbili: moja ya bodi na nyingine ya sakafu, kila moja ikiwa imelazwa juu ya kioo na kupigwa kutoka usawa wa meza. Bodi ikionyesha mwanga chini ya kona moja isimtie hofu. Sakafu ikionyesha mwanga chini ya ncha zote mbili, aombe apunguziwe bei na anunue bamba la polistireni siku hiyohiyo.